Kabla ya Kwenda Mezani pa Bwana, Angalia Umeketi na Nani

Jumapili ya Ushirika, yaani ya kula mkate na kunywa divai ya Meza ya Bwana, katika makanisa mengi hapa Malindi, utaona mabenchi yamejaa watu waliobaki wameketi wakati wenzao wanapanga foleni kwenda mbele. Wengine wamezuiwa na kanuni za kanisa, na hilo nitalifikia. Lakini wengi hawakuzuiwa na mtu yeyote. Wamejizuia wenyewe. Ukiwauliza kwa nini, wanajibu, "Mimi bado sijajiweka sawa." Nimefundisha darasa la kipaimara katika parishi ya Kianglikana kwa miaka mingi, na mume wangu ni Mkatoliki, kwa hivyo jibu hilo nalisikia kanisani kwangu na kanisani kwake.

Nawaandikia hao. Nawaandikia pia wale wanaokwenda mbele kila mara bila wasiwasi wowote, maana hao ndio wanaonitia wasiwasi mimi.

Hofu yenyewe imetoka katika 1 Wakorintho 11, barua ya mtume Paulo kwa kanisa la Korintho. Paulo anasema atakayekula mkate na kukinywea kikombe cha Bwana isivyostahili amejipatia hatia. Mahubiri mengi huanzia hapo kwenye mstari wa 27 na kuishia hapo hapo, na msikilizaji anakwenda nyumbani akiamini kwamba kazi yake ni kupiga hesabu ya dhambi za wiki nzima, na akikuta anadaiwa, akae kitini.

Fungua Biblia yako uanze mstari wa 17. Wakristo wa Korintho walikuwa wakikutana nyumbani kwa mwenzao mwenye nafasi, na Chakula cha Bwana kilikuwa sehemu ya mlo wenyewe, mlo wa kushiba. Kwa maelezo ya wataalamu wengi wa Biblia, matajiri walifika mapema kwa kuwa muda ulikuwa wao, na watumwa na vibarua wakafika wakishaachiliwa kazini. Walipofika, chakula kimekwisha. "Huyu ana njaa, na huyu amelewa," ndivyo anavyoandika Paulo, na anawauliza kama nia yao ni kuwatahayarisha wasio na kitu. Hilo ndilo lililomkasirisha. Anaposema mtu ajihoji mwenyewe, na anapomlaumu anayekula bila kuupambanua ule mwili, anazungumza na watu walioshiba mbele ya ndugu zao wenye njaa. Agizo lake la mwisho kuhusu jambo hilo, mstari wa 33, ni dogo mno ukilinganisha na vitisho vilivyotangulia: mngojane.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kujihoji kabla ya Ushirika kunaanza na swali la nani uko naye mezani na unamtendeaje. Dhambi zako za siri zitubu, hilo halina mjadala. Lakini kama umezitubu zote na hujui jina la mama anayeketi nyuma yako kila Jumapili, bado hujamaliza.

Mji wetu ni mji wa hoteli, na mstari huo wa 33 unatuhusu kuliko tunavyopenda kukubali. Kanisa Katoliki linamtaka kila muumini apokee Ekaristi angalau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka. Agizo hilo lina umri mkubwa, liliwekwa na Mtaguso wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 1215. Sisi Waanglikana nasi, kitabu chetu cha zamani cha sala kinataka mara tatu kwa uchache, Pasaka ikiwemo. Sasa, Pasaka ndiyo hoteli zimejaa. Anayewaandalia Waitaliano kifungua kinywa Jumapili hiyo ni Mkristo mwenzetu, na akifika kanisani bado amevaa yunifomu, tunaimba wimbo wa mwisho na vyombo vimeshafunikwa. Kisha tunasema vijana wa siku hizi hawapendi Meza ya Bwana. Kama wewe ni mzee wa kanisa na una sauti kwenye kikao, omba ibada ya jioni katika msimu. Makanisa kadhaa yanayo tayari, na watu huja.

Nirudi kwenye maana yenyewe, maana hapo ndipo Wakristo wamegombana sana. Mume wangu anaamini kwamba padri akishatamka maneno ya Bwana, mkate ule ni Mwili na divai ile ni Damu, hata kama macho yanaona mkate na divai. Katika darasa langu nina vijana waliotoka makanisa ya Kipentekoste ambao wamefundishwa kwamba ni ukumbusho tu. Ugomvi huu si wa jana. Mwaka 1529 Luther na Zwingli, viongozi wawili wa mageuzi ya Kiprotestanti, walikutana Marburg, Ujerumani, wapatane. Luther akaandika kwa chaki juu ya meza, "Huu ni mwili wangu," na hakusogea hata inchi. Wakaachana hivyo. Mimi nina upande wangu, lakini huwaambia vijana wasiache swali la "inakuwaje" lifunike lile swali la "inatufanya nini". Kwa hilo la pili hakuna anayembishia Paulo: "Kwa kuwa mkate ni mmoja, sisi tulio wengi tu mwili mmoja." Agustino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, aliwafundisha waliobatizwa karibuni kwamba kilichowekwa mezani ni fumbo lao wenyewe, na kwamba wanapoitikia "Amina" wanaitikia kile walicho. Nikilisoma hilo darasani, kuna kijana huuliza, "Kwa hiyo ninapokula, nampokea Kristo pamoja na hawa wote?" Ndiyo, mwanangu. Pamoja na hawa wote, hata yule usiyempenda.

Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa sana. Tumekula sinia moja tangu utotoni. Unajua ilivyo ukiwekwa sinia moja na mtu mliyenuniana: mkono wake unapita mbele yako, wali ni ule ule, na kila tonge linakukwama. Ama mzungumze, ama mmoja aondoke. Meza ya Bwana haiwezi kuwa na adabu ndogo kuliko sinia la pilau.

Jirani yangu mmoja Mwislamu, ambaye hatuachi kupelekeana vyakula Ramadhani na Krismasi, aliwahi kuniuliza waziwazi, "Eti nyinyi mnakula mtu?" Sikukasirika. Warumi waliwashtaki Wakristo wa mwanzo kwa jambo hilo hilo, kwamba wanakutana usiku kula nyama ya watu. Nilimweleza habari za Pasaka ya Wayahudi, mwanakondoo na mkate usiotiwa chachu usiku ule wa kutoka Misri, na kwamba Yesu alikuwa kwenye karamu hiyo alipoumega mkate na kusema wafanye hivyo kwa ukumbusho wake. Yeye naye akanitajia Suratul Maida, kuanzia aya ya 112, pale wanafunzi wa Isa wanapoomba meza iteremshwe kutoka mbinguni. Si jambo moja, na hatukujifanya kuwa ni jambo moja. Lakini tulizungumza hadi chai ikapoa. Mji huu umezoea mazungumzo ya namna hiyo: Fransisko Ksaveri, mmisionari Mkatoliki, alipopita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, India, aliandika kwamba Mwislamu mmoja mheshimiwa alimuuliza kama Wakristo huenda kanisani kweli, kwa sababu hapa mjini, kati ya misikiti 17, mitatu tu ndiyo ilikuwa na watu. Kila dini ina mabenchi yake matupu.

Sasa tuje kwenye ugomvi, maana ushauri mwingi ninaoombwa ni wa hapo. Bwana mwenyewe alisema ukileta sadaka na ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache hapo madhabahuni, ukapatane naye kwanza. Kitabu cha sala cha Kianglikana cha mwaka 1662 kililichukulia jambo hili kwa uzito kiasi cha kumwagiza kasisi asiwaruhusu mezani watu wawili wenye chuki kati yao mpaka wapatane. Na waliokiandika walijua tabia za watu, kwani waliongeza: mmoja akiwa tayari kusamehe kwa moyo wote na kurekebisha alipokosea, na mwingine akikataa katakata, basi kasisi amkaribishe yule aliye tayari, yule mkaidi abaki.

Nimeliona likitendeka. Kina mama wawili wa kwaya moja walikosana kwa pesa za chama. Walikuwa wakiimba sauti moja, wamesimama bega kwa bega, na hawasalimiani. Mmoja alinijia kabla ya Kwaresima akitaka kujua kama aache kushiriki. Nilimwambia kwanza alipe sehemu ya deni ambayo yeye mwenyewe anakubali kuwa anadaiwa, halafu ndiyo aende kuongea. Alilipa, akaenda. Mlango haukufunguliwa. Akarudi tena baada ya Pasaka na bado haukufunguliwa. Kasisi akamruhusu ashiriki, na alishiriki huku analia, na yule mwingine yuko benchi la tatu anatazama dirishani. Hadi leo hawajapatana. Naandika hivyo hivyo ilivyo kwa sababu watu hudhani wakitii watapata mwisho mzuri papo hapo.

Ukitaka kwenda kupatana na mtu, nenda kwa miguu yako. Ujumbe wa WhatsApp unasomwa kwa sauti ya hasira ya msomaji. Usiende Jumamosi usiku, maana ataona unatafuta tiketi ya kesho. Usimtangulize mchungaji. Sema kosa lako bila kuongeza "lakini na wewe". Na ukiombwa muda, toa muda.

Kuna tahadhari moja hapa. Mwanamke anayepigwa nyumbani hadaiwi kurudi chini ya fimbo ili apate kushiriki. Kusamehe ni jambo moja, kumrudishia mtu nafasi ya kukuumiza ni jambo jingine, na mchungaji asiyejua tofauti hiyo usimpelekee shauri lako.

Wale waliozuiwa na kanuni, wengi wao kwetu ni watu waliooana kienyeji na hawajafunga ndoa kanisani. Wana watoto wanne, wanatoa sadaka, wanafagia kanisa, na kila Ushirika wanabaki kitini. Sitaibishia kanuni hapa. Ninachosema ni kwamba mara nyingi kikwazo si imani bali ni shughuli: suti, keki, magari, mahema. Ndoa ya kanisani haihitaji hata kimoja kati ya hivyo. Matangazo Jumapili tatu, mashahidi wawili, na mnaweza kuungana baada ya ibada ya kawaida mkiwa na nguo zenu za Jumapili. Penye kikwazo cha mahari, maana wazee wa Kigiriama hawapendi mtoto wao afungishwe ndoa mahari haijaisha, nendeni kwa wazee kwanza na mkubaliane sehemu iliyobaki italipwa vipi. Wazee wengi hulainika wakiombwa kwa heshima. Wanachochukia ni kurukwa. Wakati mnasubiri, muulizeni kasisi au padri kama mnaweza kwenda mbele kubarikiwa. Wakatoliki wana pia desturi ya komunyo ya kiroho, sala ya kumtamani Kristo kwa yule asiyeweza kumpokea kwa wakati huo, na si sala ya kupoza watu tu.

Kwa aliyeacha mnazi au chang'aa na anaogopa hata tone la divai: pokea mkate peke yake. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba Kristo yuko mzima katika kila umbo, la mkate na la divai, na Waanglikana nasi hatuoni upungufu ndani yake. Makanisa mengi ya Kiprotestanti hutumia juisi ya zabibu, jambo lililowezekana tangu 1869, Thomas Welch wa Marekani alipopata njia ya kuizuia isichachuke, kwa ajili ya Ushirika hasa. Hakuna haja ya kujieleza kwa mtu yeyote. Kikombe kikipita, inamisha kichwa.

Na yule wa "sijajiweka sawa"? Msikilize anachosema kila mtu dakika chache kabla ya kwenda mbele. Wakatoliki: "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona." Sisi: hatustahili hata kuokota makombo chini ya meza yako. Kanisa zima linakiri hivyo, askofu akiwemo, halafu linainuka na kwenda kula. Waliokula usiku ule wa kwanza walikuwa watu ambao kabla jogoo hajawika wangekuwa wamekimbia, na Petro amekana. Bwana aliwajua, na aliwapa.

Jambo la mwisho ni wagonjwa, kwani huwa tunawasahau. Justin Shahidi, mwalimu wa Kikristo wa zamani, akiandika Roma karibu mwaka 155, anaeleza kwamba baada ya ibada mashemasi waliwapelekea sehemu yao wale ambao hawakuweza kufika, na michango ya siku hiyo ikawahudumia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Kwa hiyo kama una mgonjwa nyumbani, usingoje kasisi akumbuke mwenyewe. Mpigie simu katikati ya wiki. Tandika kitambaa safi juu ya meza ndogo, weka glasi ya maji, na uwaambie jamaa wanaotaka kushiriki wajiandae nao. Kama mgonjwa hawezi kumeza vizuri, sema mapema: kipande kidogo mno kinatosha, au divai kidogo kwa kijiko.