Nikichukua kibali cha deki, kodi ya nyumba itapanda?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua nyumba Brooklyn Park, Minnesota. Mlango wa nyuma unafunguka hewani, kama inchi 40 kutoka chini, nasi tunataka kujenga deki ya futi 12 kwa 16. Shemeji anasema tusihangaike na kibali: deki isiyofika futi za mraba 200 haihitaji, na kibali ndicho kinachomwita mthamini, yule afisa anayekadiria thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi, aje kuipandisha. Ni kweli?

Jibu: Salama, dada yangu. Kwanza nicheke kidogo: kwetu ukisema unapiga deki, watu wanakutafutia ndoo na tambara. Huku deki ni baraza la mbao, na ina sheria zake.

Hiyo 200 shemeji hakuiota. Imo kwenye kanuni za mfano za ujenzi ambazo majimbo mengi ya Marekani huzitumia kama msingi, ila ina masharti mengine matatu: deki isizidi inchi 30 kutoka ardhini, isishikamane na nyumba, na isiwe kwenye ule mlango unaotakiwa kisheria kwa kutokea. Minnesota nayo ina maneno yake, na ukubwa haumo. Inaangalia kimo cha inchi 30 na kama deki imefungwa kwenye jengo ambalo msingi wake unashuka chini ya kina ambacho ardhi huganda. Yenu ina inchi 40 na mnataka kuifunga ukutani. Inahitaji kibali, hata ingekuwa ya futi 6 kwa 6.

Kuhusu kodi, shemeji ana nusu ya ukweli. Ofisi ya mthamini hupata taarifa za vibali. Lakini hata bila kibali, hupitia kila nyumba angalau mara moja katika miaka mitano, na picha za kutoka angani zinaonyesha deki vizuri tu. Tena mthamini haandiki gharama uliyotumia. Anakadiria mnunuzi angeongeza kiasi gani kwa sababu ya deki hiyo, na mara nyingi ni pungufu ya ulicholipa.

Chukua karatasi yako ya kodi ya mwaka huu, gawanya kodi kwa thamani ya nyumba iliyoandikwa. Tuseme umepata asilimia 1.2. Mthamini akiongeza dola 8,000, ni kama dola 96 kwa mwaka, dola 8 kwa mwezi. Thamani hupimwa kwa hali ya Januari 2 na kodi yake hulipwa mwaka unaofuata, kwa hiyo deki iliyokamilika Agosti 2025 inagusa kodi ya 2027. Barua ya thamani ikija majira ya kuchipua, tafuta mstari wa maboresho mapya. Namba ikikushangaza, mpigie mthamini kabla ya kwenda kwenye kikao cha rufaa. Mengi huishia kwenye simu.

Sasa linalonisumbua mimi, nalo si kodi. Deki zinazoanguka na watu mara nyingi hung'oka pale zinaposhikana na nyumba. Ubao ule wa ukutani, mafundi tunauita leja, mtu anaupigilia misumari tu juu ya vibao vya nje. Maji yanaingia nyuma yake, mbao ya ndani inaoza kimyakimya, halafu siku ya sherehe watu ishirini wanasimama upande mmoja kupigwa picha. Leja ifungwe kwa bolti au skrubu nene za kazi hiyo, na juu yake iwekwe bati la kukinga maji. Mbao zenye dawa ya shaba zinakula chuma cha kawaida, kwa hiyo vifungio viwe vya kuzamishwa kwenye zinki au visivyoshika kutu.

Mashimo ya nguzo huko kwenu yaende inchi 42. Fundi aliyezoea Dar ataona ni wazimu, lakini ardhi ikiganda huvimba na kuinua nguzo fupi. Mkaguzi ayaone kabla hamjamwaga zege. Na kabla ya koleo kugusa udongo, pigeni 811 waje kuweka alama za nyaya na mabomba, ni bure.

Mkandarasi akiwaambia mchukue kibali kwa majina yenu ili "kurahisisha", mkataeni. Mwenye leseni huchukua mwenyewe, na mkichukua ninyi mnaweza kupoteza haki ya kulipwa na mfuko wa jimbo unaofidia wenye nyumba mkandarasi akiwaharibia kazi.

Jambo moja hukuniambia: ukuta wa nyuma ni wa nini? Ukiwa wa matofali ya urembo, leja isifungwe hapo, hayabebi mzigo. Deki isimame kwa nguzo zake pande zote, na kwa inchi 40 kibali bado ni lazima.