Alikuwa amelewa chakari: je, pombe inamtoa kwenye kesi ya mauaji?

SWALI: Wakili, shikamoo. Mdogo wangu yuko mahabusu kwa mauaji. Walizozana kilabuni huku Mbagala, akamchoma mwenzake kisu. Alikuwa tilalila, anasema hakumbuki kitu. Pombe inaweza kumtoa?

JIBU: Marahaba, poleni sana. Kumtoa kabisa ni vigumu. Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu kinaanza kwa kukataa: ulevi si utetezi. Kinaacha upenyo kwa ambaye hakuelewa anachofanya, tena awe ama alileweshwa na mwingine bila ridhaa yake, kwa hila au uzembe, ama kilevi kilimtia wazimu, hata wa muda. Wa kwanza huachiwa. Wa pili huingia kwenye utaratibu wa wagonjwa wa akili, harudi nyumbani.

Mdogo wako alikunywa mwenyewe, kwa hiyo shikeni kifungu kidogo cha (4). Kinaitaka mahakama ipime ulevi inapoamua kama mshtakiwa alikuwa na nia. Mauaji ya kukusudia hayasimami bila nia ovu, na mzigo wa kuithibitisha ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Ikibaki shaka, kosa hushuka kuwa kuua bila kukusudia: kitanzi kinaondoka, jaji anapanga adhabu, ukomo wake kifungo cha maisha.

“Sikumbuki” peke yake haitoshi. Mtu anaweza kukusudia usiku akasahau asubuhi. Jaji ataangalia kisu kiliingia wapi, mara ngapi, maneno aliyotamka, na alichofanya baadaye. Aliyekiosha kisu na kukificha darini atapata tabu kueleza kwamba hakujua alitendalo. Na aliyepanga kwanza, kisha akanywa ili apate ujasiri, hana lake hapa.

Mtafuteni mapema muuzaji na waliokaa naye meza moja: alianza saa ngapi, gongo au bia, chupa ngapi, alitembeaje, ulimi ulikuwaje. Msiwafundishe la kusema. Kipimo cha damu hufaa ndani ya saa chache tu, maana pombe hupungua kwa takriban miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Aliyekamatwa kesho yake jioni hana cha kupimwa.

Wakili wake asome maelezo ya onyo aliyotoa polisi, yaani yale yanayoandikwa baada ya mtuhumiwa kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Yakisema “nilikunywa bia mbili tu”, hoja inayumba vibaya. Mashahidi wa Jamhuri waliomwona usiku ule waulizwe hali yake wakiwa bado kizimbani Mahakama Kuu. Hoja ya ulevi ikisubiri Mahakama ya Rufani, itaonekana imetungwa.