Usitie mchanga wa baharini kwenye seti ya chai

Ubavuni mwa kikombe palikuwa na kishimo cha duara, ukubwa wa punje ya mtama, na katikati yake nukta nyeupe. "Dada, vikombe vyako vinajibandua vyenyewe," mteja wangu wa Mbezi Beach aliniambia, wiki tatu tu baada ya kuichukua seti. Alisema kweli. Vilikuwa kabatini, hakuna aliyevigusa.

Seti ile niliipenda mno. Wazo lake nililipata Ngorongoro, kwenye ule mchanga mweusi unaohama karibu na Olduvai. Ni kilima cha majivu ya volkano chenye umbo la mwezi mwandamo, na upepo hukisogeza takriban mita 17 kwa mwaka. Mgongo wake umelala taratibu, upande wa pili umekatika ghafla. Nilitaka buli lenye mgongo ule, na ngozi inayokwaruza kidogo kiganjani, kama jangwa. Nikafanya lililokuwa jepesi: nikachota mchanga ufukweni Kigamboni, nikauanika, nikaukanda pamoja na udongo.

Mchanga wa pwani yetu umejaa vipande vya makombe na matumbawe. Ukivichoma kwenye tanuri, nyuzi 1,000 hivi, vinageuka kuwa chokaa. Chombo kinatoka kizuri kabisa, unakifunga, unapokea pesa. Kisha ile chokaa inaanza kunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Dar mnaijua. Inavimba polepole, inausukuma udongo ulio mbele yake mpaka unabanduka. Nilimrudishia yule mama pesa zake zote.

Siku hizi natumia vigae. Chombo kikipasuka baada ya kuchomwa sikitupi, nakitwanga kwenye kinu na kukichekecha, na chenga zake ndizo nakandia udongo mpya. Zimeshapita motoni, na tena zinapunguza udongo kusinyaa. Mkwaruzo unaupata uleule. Rangi nayo haihitaji kwenda dukani: wekundu wa vilima vya mchanga vya jangwa la Namib unatokana na kutu ya chuma iliyoganda juu ya punje, na chuma hichohicho kimo kwenye udongo wetu mwekundu. Uchuje, uufanye uji mwepesi, upake chombo kabla hakijakauka sana.

Ila jangwa libaki nje. Vidole viwili chini ya ukingo, mkwaruzo ukome. Mdomo wa mnywaji ukutane na glezi laini, ule utando kama kioo unaopakwa chombo, na ndani yote iwe hivyo hivyo, maana chai ya maziwa ikipata vitundu inajificha humo na baada ya mwezi kikombe kinanuka hata ukikisugua vipi. Hapa naomba tuwe makini sana: glezi isiwe na risasi, yale madini yenye sumu. Sisi tunakamulia ndimu kwenye chai ya rangi, na ndimu huitoa risasi kwenye glezi mbaya ikaingia kwenye chai. Kama unanunua, muulize mfinyanzi ametumia glezi gani. Akibabaika, kiweke kikombe chini. Unaweza pia kulaza kipande cha ndimu juu ya glezi usiku kucha. Rangi ikififia asubuhi, usinywee. Kipimo hiki hakigundui risasi, kwa hiyo swali lazima uulize.

Kifuniko kifinyange siku moja na buli lake, kwa udongo uleule, na vichomwe pamoja. Vinasinyaa kwa kiasi kimoja. Wakati wa masika usiharakishe: mkono wa kikombe hukauka kabla ya kikombe chenyewe, na ufa huanzia pale vinapoungana. Mimi nafunika kwa nailoni siku mbili tatu, halafu naacha wazi kivulini, mbali na upepo wa dirishani. Chombo chenye maji ndani kikiingia motoni, mvuke unakilipua na vya jirani yake.

Kila nikifungua tanuri, kikombe kimoja nakiloweka kwenye maji usiku mzima, kisha nakiweka dirishani mwezi mmoja kabla ya kuuza wenzake. Kilichopo sasa kina siku 19. Kila asubuhi nakizungusha mkononi natafuta nukta nyeupe, na bado sijaiona.