Jibu la swali la wiki: nani ana haki ya kumvua mtoto vazi lake?

Wiki hii mmeuliza kama ni sawa kuwavalisha watoto wadogo nguo za kuigiza, zile za malkia na simba na mashujaa wa katuni, siku mnawapeleka kwenye viwanja vya michezo. Mkatoa na mfano wa Disney kule Marekani, kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 anaingia na vazi lake bila shida, kuanzia 14 kwenda juu wanamkataza. Nimesoma hilo swali nikiwa kwenye cherehani na kazi ya watu iko chini ya sindano, nikaiacha hapo hapo. Limenigusa.

Jibu langu la haraka ni hili, wavalisheni. Mtoto ni mtoto mara moja. Na sisi hapa Uganda tusijifanye eti kuvalisha watoto ni jambo la wazungu, si tunawavalisha kila siku? Nenda kwanjula yoyote, ile sherehe ya binti kumtambulisha mchumba kwao, uone katoto ka miaka mitatu kamefungwa gomesi, vazi la heshima la akina mama, na mshipi wake wa kiunoni, kengine kako kwenye kanzu na koti juu, na watu wote wanapiga picha wanafurahi. Hiyo si kuigiza wakubwa? Kwa hiyo mimi niko upande wa watoto, na mwanzo nilitaka kuandika mistari minne tu nirudi kwa kazi yangu.

Kama fundi nitasema kitu kimoja kwanza afu niendelee. Hizi gauni za malkia zinazouzwa tayari nyingi ni satini ya poliesta na neti, hewa haipiti, mtoto anavaa saa nne asubuhi, ikifika saa saba na lile jua la Kampala mgongo wote umelowa na neti imeshamkwaruza makwapa mpaka pamekuwa pekundu. Na kamba za shingoni, jamani kamba za shingoni. Zile joho za mashujaa zinafungwa na kamba chini ya kidevu, na mtoto huyo ndiyo unampandisha kwa bembea za kuzunguka na mtelezo. Ulaya wana kiwango kabisa kinachokataza kamba za shingoni kwenye nguo za watoto ambao hawajafika miaka 7, na mtu wa hapa aliyewahi kuona gauni la mama limeingia kwenye spoki za boda hahitaji kuambiwa kwa nini. Mimi nikishona joho naweka velkro ndogo mabegani, ikivutwa inaachia yenyewe. Haya, hilo limeisha.

Kitu ambacho nilitamani mngeuliza ni kingine. Mtoto akishavaa, akishaamini, nani ana haki ya kumvua mbele za watu?

Niwaambie. Ni Idd ya 2022. Mnakumbuka shule zilikuwa zimefungwa karibu miaka miwili kwa sababu ya korona, zikafunguliwa Januari ile. Kijana wangu alikuwa na miaka minne, yaani nusu ya maisha yake ilikuwa ni ndani ya ua. Nikamwahidi kwamba Idd hii nakupeleka Kampala, kwenye bembea za umeme, na nitakushonea nguo ambayo hakuna mtoto mwingine anayo.

Sisi ni watu wa Bombo. Asiyepajua ajue hapa kambi ndiyo mji na mji ndiyo kambi, makao makuu ya jeshi la nchi kavu yako hapa hapa. Marehemu baba yangu alikuwa mwanajeshi na huyu kijana ana jina lake. Nikaona nimshonee nguo ya babu. Lakini mimi sio mjinga, sheria naijua, kila mtu Uganda anaijua, sheria ya UPDF, yaani jeshi letu, ya 2005 imekataza raia kuvaa sare ya jeshi na kitu chochote kinachofanana nayo, na 2019 serikali ilipotangaza sare zake rasmi hata bereti nyekundu zikawa mali ya jeshi, watu walikamatwa kwa sababu ya kofia. Kwa hiyo sikugusa kitambaa cha kombati. Nilichukua kijani kilichobaki kwenye yunifomu za shule, nilikuwa nimekinunua Kiyembe, kule kwenye maduka ya vitambaa Kampala, kijani cha majani ya mgomba kabisa, afu nikakata mabaka kwenye pazia kuukuu la kahawia nikayashona juu moja moja kwa mkono. Mabaka kumi na tisa. Vifungo vinne vikubwa ili aweze kufunga mwenyewe. Mfuko wa kifuani nikaudarizi jina la babu yake kwa uzi wa njano. Kofia nikaiwekea lastiki nyuma. Chini gambuti zake za mvua.

Siku ile asubuhi tulivyotembea kutoka nyumbani mpaka barabarani kupanda teksi, alipiga saluti kila mtu. Mama wa chapati, saluti. Imamu, saluti. Wakapita askari wawili wa kweli wanatoka dukani, mimi moyo ukapiga kidogo, yeye akasimama katikati ya njia akabana miguu, saluti. Wale vijana wakasimama na wao, wakabana miguu, wakamrudishia. Mmoja akamwambia "Afande, Idd mubarak." Nilitaka kulia. Si kwa ajili ya jeshi, mimi na jeshi tuna mambo yetu mengi, ni kwa sababu nilimwona baba.

Tukafika Kampala. Uwanja wenyewe siutaji jina, sio lengo langu. Foleni ndefu, Idd si unaijua, watoto wa kanzu wako hapo, mabinti wa gauni za malkia za buluu na pinki, mwingine ana mabawa ya kipepeo, mwingine amechorwa uso wa chui. Tulipofika getini mlinzi akanyoosha mkono akashika mkono wa shati la mwanangu, akasugua kile kitambaa kati ya vidole viwili kama mteja anayepima bei, akasema "Nnyabo, hii hapana."

Nikamwambia kaka, hiki ni kitambaa cha shule na pazia. Nikamgeuzia pindo aone ndani. Nikamwonyesha mabaka yameshonwa kwa mkono, hata uzi unaonekana. Watu nyuma wanasukuma. Akaita mwenzake, mwenzake akaita mwingine mwenye redio. Yule wa redio alikuwa mtu mzima, na aliposikia naongea Kiswahili na mtoto akaongea na mimi kwa Kiswahili, kile cha kambini, nikajua huyu amepita jeshini. (Kampala ukiongea Kiswahili bado kuna watu wanakuangalia kama umekuja kuwaibia, hata baada ya mawaziri kupitisha kiwe lugha rasmi Julai ya mwaka ule ule wa 2022, lakini hiyo ni barua nyingine.) Akaniambia polepole, "Mama, mimi naona ni mtoto. Lakini ndani watu wanapiga picha. Picha ikitoka kesho, wanaulizwa sio wewe, ninaulizwa mimi. Mtoe hiyo nguo aingie, au mrudi."

Nililipa nauli ya watu wawili kutoka Bombo na nilikuwa nimeahidi tangu Ramadhani inaanza. Nikapiga magoti pale getini nikaanza kufungua vile vifungo vinne. Hakulia. Hilo ndilo linaniumiza mpaka leo, angelia ningejua cha kufanya. Alisimama wima, mikono chini, kama aliyefundishwa, ananiangalia usoni wakati natoa kile cha mwisho, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, nimefukuzwa kazi?"

Nikakunja shati na kofia nikaweka kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Akaingia na singlendi nyeupe na kaptula na gambuti. Nikamwambia twende kwenye bembea, hakutaka. Twende kwenye lile jumba la hewa wanarukaruka, hakutaka. Aliomba ashike kaveera. Akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo na akatembea nayo hivyo siku nzima, hata chipsi nilimlisha mimi kwa sababu hakutaka kuiweka chini. Tulikaa karibu na wale farasi wa kuzunguka, na kuna binti alikuwa juu, gauni refu la buluu, pindo likanasa chini ya farasi wakati mashine inaanza, akavutwa upande mmoja, mama yake akapiga ukelele, bahati kijana wa mashine alikuwa macho akazima. Wakalichana gauni kumtoa. Yule aliingia getini bila swali, nguo ambayo ingeweza kumvunja mguu, na wangu mwenye vifungo vinne na pindo la sentimita mbili amevuliwa. Hiyo hasira nilitembea nayo muda mrefu, na mlivyouliza swali lenu ndiyo imeamka.

Sasa nilikuwa nimeandika mpaka hapa jana usiku nikalala. Leo nimerudi kusoma na naona lazima niongeze, la sivyo nitakuwa sijasema ukweli wote.

Yule mzee wa redio hakukosea. Nimemchukia miaka mitatu na hakukosea. Alikuwa na mshahara wa kulinda na sheria haijaandika "isipokuwa mtoto wa miaka minne". Wale askari wa Bombo walimrudishia saluti kwa sababu wako nyumbani kwao na hakuna wa kuwauliza, mlinzi wa kampuni ataulizwa. Mimi fundi niliyeijua sheria ndiye niliyemshonea mtoto kitu kilichoweza kukataliwa, nikamwamini mgeni wa getini aone mapazia pale ambapo kila mtu anaona mabaka.

Na kuna hili la pili, ambalo ni gumu zaidi kuliandika. Nguo ya jeshi haikuwa wazo lake. Wiki mbili kabla, nilipomuuliza anataka kuwa nani, alisema anataka kuwa yule ndege wa bendera. Yule korongo. Dada yake mkubwa alikuwa ameleta daftari la shule lenye bendera kwenye jalada, akawa anasimama mguu mmoja uani, anaanguka, anasimama tena. Nikamwambia korongo ni kazi ngumu, taji lake nitalitoa wapi, manyoya yake nitayatoa wapi, afu nikamsifia nguo ya babu mpaka akaitaka. Kijani nilikuwa nacho. Taji nilikuwa sina. Ukweli ni huo, na ukweli mwingine ni kwamba nilitaka kumwona baba yangu anatembea tena ile barabara, nikamkopa mtoto.

Kwa hiyo jibu langu la mwanzo silifuti lakini silitii pia. Wavalisheni, ndiyo, nyumbani, uani, kwenye sherehe, shuleni siku ya maigizo. Uwanjani penye mashine na geti na watu wa picha, mtoto ambaye hajafika miaka mitano mimi sasa nasema hapana, mvalishe nguo ya pamba fupi ambayo hakuna mtu atamvua. Labda kama ameomba yeye, ameomba zaidi ya mara moja, na ni kitu ambacho hata mlinzi mwenye roho mbaya hawezi kukiona kibaya, na haina kamba, na wewe umebeba ya kubadilisha. Najua nimeweka masharti mpaka imekuwa kama ruhusa. Sijui kuandika vingine, maana nikikumbuka ile barabara ya asubuhi, zile saluti, siwezi kusema ingekuwa heri asingevaa.

Taji la korongo ningeweza kulitengeneza, hiyo nimeijua baadaye. Ule ufagio mpya wa majani, wa manjano, unakata vile vijiti unavipanga kwenye lastiki vinasimama kabisa kama vya ndege mwenyewe. Jana baada ya kuandika nilikata nikajaribu, dakika ishirini. Asubuhi nikampelekea, sasa ana miaka saba, nikamwambia angalia, bado unataka kuwa ndege wa bendera? Akalishika, akaligeuza, akasema ni zuri mpe mdogo wangu. Yeye anataka jezi ya Cranes, yaani Korongo, timu yetu ya taifa ya mpira.

Jezi sishoni, zinanunuliwa. Jumamosi nateremka Kampala kumtafutia, namba ya mgongoni nitaishona mimi. Amesema anataka 7.