Kadi za kuchezea, kadi za kutunza: kila moja na sanduku lake

Mwamuzi wa mashindano ya mchezo wa kadi za kukusanya aliichukua deki yangu, yaani fungu la kadi ninazochezea, akaiweka mezani, akainama mpaka macho yake yakawa usawa wa meza. Kadi 60, zote ndani ya vifuko vyeusi vya aina moja, zilipaswa kulala kama tofali. Hazikulala. Ubavuni palikuwa na nyufa nne au tano, na kila alipoikata deki kwenye ufa, kadi iliyotokea ilikuwa mojawapo ya zile za kung'aa. Zilikuwa zimejikunja. Kwa kupapasa tu ungejua zilipo, na mwenye kuzichanga nilikuwa mimi. Kwenye mashindano hizo huitwa kadi zenye alama, na unaweza kuadhibiwa hata kama hukukusudia. Nilipoteza mchezo ule palepale, na raundi ikaenda nao.

Sikulala vizuri usiku huo. Si kwa sababu ya kushindwa, bali kwa sababu mpinzani wangu alikuwa na haki ya kunishuku. Nilizinunua kadi zile kwa uzuri wake, nikaziingiza kwenye deki kwa uzuri huohuo, ilhali zilikuwapo za kawaida zinazofanya kazi ileile na ambazo hazijikunji. Mkusanyaji aliyemo ndani yangu alikuwa amemfanyia uamuzi mchezaji. Tangu siku hiyo nina masanduku mawili, na karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa unatokana na masanduku hayo.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anaingia: huu si mchezo wa karata za kawaida, ambapo wote mnagawiwa kutoka seti moja na turufu ni ya yeyote. Hapa kila mchezaji anakuja na deki aliyoijenga mwenyewe, kwa kadi alizonunua au kubadilishana. Mtindo huu ulianza mwaka 1993 na Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield. Pokémon ikafuata Japani mwaka 1996, na Yu-Gi-Oh! mwaka 1999. Kwa sababu kadi ni mali ya mchezaji, inabeba thamani mbili kwa pamoja: inachokifanya mezani, na kile ambacho mtu yuko tayari kukitoa ili aimiliki. Thamani hizo mara nyingi haziendi njia moja. Kuna kadi ghali ambazo hakuna mshindani anayezitaka, na kuna kadi za bei ya chini kabisa ambazo huwezi kushinda bila kuwa nazo nne.

Watu husema mshika mbili moja humponyoka. Mimi bado nashika zote mbili, ila kila moja kwa mkono wake.

Sanduku la kwanza: ya kuchezea

Mkusanyaji hupenda kuwa na moja ya kila aina. Mchezaji anayefikiri hivyo amejipunguzia nafasi kabla ya kukaa. Magic na Pokémon huruhusu hadi nakala nne za kadi moja katika deki ya 60 (ukiacha ardhi za msingi za Magic na nishati za msingi za Pokémon, kadi zinazolipia matumizi ya kadi nyingine), na zote mbili huanza na kadi saba mkononi. Ukiwa na nakala moja, uwezekano wa kuiona katika saba hizo ni asilimia 12 hivi. Ukiwa na nne, unafika takriban asilimia 40. Deki yangu ya kwanza ilijaa kadi moja moja nzuri ajabu, na kila mchezo ulikuwa kama nacheza na deki ya mtu mwingine. Sikuwahi kuijua.

Yu-Gi-Oh! ina hesabu yake. Deki kuu ni kadi 40 hadi 60, nakala tatu kwa kila kadi, na unaanza na tano. Nakala tatu ndani ya 40 zinakupa asilimia 34 ya kuanza na angalau moja. Ndani ya 60 inashuka hadi 23. Ndiyo maana wazoefu wengi hukaa kwenye 40 au karibu na hapo. Anayeongeza kadi ya 41, ya 42, ya 43 kwa sababu hakuwa na moyo wa kuitoa yoyote, anaipunguza nguvu kadi yake bora. Kutoa kadi unayoipenda ni kazi ngumu kuliko kuingiza, na kwa maoni yangu ndiyo nusu ya ujenzi wa deki.

Kwenye Magic kosa linalofanana na hilo ni kupunguza kadi za ardhi ili kupata nafasi ya kadi za kusisimua. Ardhi 24 katika 60 zinakupa wastani wa 2.8 katika kadi saba za mwanzo. Ziondoe nne, halafu usishangae unapokaa raundi nzima na mkono uliojaa viumbe wakubwa usioweza kuwaita mezani.

Chagua deki moja ukae nayo. Nasema miezi, si wiki. Nilikuwa nikibadilisha deki kila niliposhindwa, nikiamini tatizo ni kadi. Kisha nikaanza kuweka daftari. Baada ya kila mchezo niliopoteza niliandika mambo mawili tu: kadi nilizoanza nazo, na zamu ambayo mchezo uliniponyoka. Neno bahati nililipiga marufuku humo. Kurasa zilipojaa, jibu lilikuwa wazi. Sehemu kubwa ya michezo nilikuwa nimeipoteza kabla haijaanza, kwa kubaki na kadi saba za mwanzo ambazo macho yangu yenyewe yaliona kuwa ni mbovu. Niliogopa kuzirudisha. Tangu 2019 kanuni ya Magic ni kwamba ukirudisha unachota saba nyingine, kisha unaweka moja chini ya deki kwa kila mara uliyorudisha. Unabaki na sita ulizozichagua kutoka saba, na sita zinazofanya kazi pamoja huzishinda saba zisizojuana. Hili peke yake lilibadilisha matokeo yangu kuliko kadi yoyote niliyowahi kununua.

Jambo jingine la mezani ni kuchanga. Kuzipanga kadi katika mafungu saba moja baada ya nyingine ni njia nzuri ya kuhesabu kama zimetimia 60, lakini si kuchanga. Aliyeanza na mpangilio anamaliza na mpangilio. Gawa deki mara mbili, pachanisha nusu mbili hizo ziingiliane, rudia. Wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha mwaka 1992 kwamba karata 52 zinahitaji kuchangwa hivyo kama mara saba ndipo zichanganyike kweli. Kwa 60 mimi huenda nane au tisa, kisha nampa mpinzani achange au akate. Mpe kila mara, hata akisema hana haja. Baada ya yaliyonikuta, hili kwangu ni suala la heshima.

Na usiogope kwenda kwenye mashindano kwa kuhofia kutolewa raundi ya kwanza. Mengi huendeshwa kwa mfumo wa Uswisi: hutolewi kwa kushindwa, unapangiwa mtu mwenye pointi kama zako. Wachezaji 32 hucheza raundi tano, na mgeni aliyepoteza mbili za mwanzo mara nyingi huikuta meza yake ya kweli raundi ya tatu. Cheza kwa kasi ya kawaida tu. Katika Magic raundi huwa na dakika 50 kwa michezo mitatu, ushindi ni pointi tatu na sare ni moja, hivyo sare mbili zinaweza kukuumiza kuliko unavyodhani.

Kununua kwa ajili ya meza

Niliwahi kufungua masanduku mawili mazima ya pakiti, ambazo hujui zina kadi gani mpaka uzifungue, nikitafuta nakala nne za kadi moja. Nilipata moja. Pakiti iliyofungwa ina raha yake na siwezi kuikana. Bado nafungua, hasa tunapocheza kwa kujenga deki papo hapo kutoka kwenye pakiti. Ila deki ya mashindano hujengwa kwa kadi moja moja. Andika orodha kamili, tafuta zipi unazo, nunua zilizobaki, funga pochi.

Ukinunua, angalia bei ambazo kadi zimeuzwa kweli, si zile ambazo wauzaji wanaomba. Siku za kwanza baada ya seti mpya, yaani toleo jipya la kadi, kutoka bei huwa juu kwa kuwa nakala sokoni ni chache na kila mtu ana haraka. Kama huna mashindano wiki hiyo, subiri. Jua pia kadi yako itaruhusiwa mpaka lini. Pokémon huchapa herufi moja, kwa maandishi madogo, chini ya kadi, na herufi za zamani zikiondolewa kwenye mashindano rasmi kadi hizo zinatoka pamoja nazo. Yu-Gi-Oh! ina orodha ya kadi zilizopigwa marufuku au kuwekewa kikomo, nayo hubadilika. Kadi ya kuchezea ni kama tairi: unainunua ukijua itaisha. Ukiinunua kwa matumaini kwamba itapanda bei, umeiweka kwenye sanduku lisilo lake.

Sanduku la pili

Humu ndani moyo una ruhusa. Kusanya unachokipenda: kazi za mchoraji mmoja, majoka wote, kadi zote za seti ya utoto wako. Mkusanyo wenye mada hukupa furaha hata soko likianguka, na soko huanguka. Mwaka 1995 seti ya Magic iitwayo Chronicles ilichapisha upya kadi nyingi za zamani, na wakusanyaji waliona thamani ya mali yao ikiyeyuka. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1996 kampuni inayochapisha Magic ilitoa orodha ya kadi ilizoahidi kutozichapisha tena. Nje ya orodha hiyo hakuna ahadi. Kadi unayoitunza leo kama hazina inaweza kuchapishwa upya mwaka ujao, nawe ulale ukijua hivyo.

Matunzo si magumu, ni nidhamu tu. Shika kadi kwa kingo. Itie kwenye kifuko kabla hujaionyesha kwa mtu yeyote. Pima: kadi za Magic na Pokémon ni milimita 63 kwa 88, za Yu-Gi-Oh! ni 59 kwa 86, na kadi inayocheza ndani ya kifuko kikubwa itajipiga pembe. Kwa albamu, epuka plastiki za PVC kwa sababu huathiri uso wa kadi kadiri miaka inavyokwenda, na epuka zile za pete ambazo huacha alama kwenye kurasa za ndani. Mpira wa kufungia usiusogeze karibu. Jua nalo hufifisha rangi bila kelele.

Adui aliyeniumiza mimi ni unyevu. Karatasi hunywa maji ya hewani na kuyatoa; tabaka la kung'aa halifanyi hivyo. Upande mmoja ukitanuka au kusinyaa na mwingine ukabaki ulivyo, kadi lazima ijikunje. Hifadhi za kung'aa kwenye boksi lililofungwa vizuri na vipakiti vya kukausha hewa, zikiwa zimebanwa kiasi.

Kuhusu kupeleka kadi ipimwe daraja: kampuni kama PSA huipa alama hadi 10 na kuifungia kwenye kasha gumu. Inafaa kwa kadi adimu iliyo safi kabisa, au unapotaka kuthibitisha kwamba si feki. Kwa kadi ya kawaida gharama inaweza kuimeza thamani yake. Kabla ya kutuma, iweke chini ya taa kali, iinamishe huku na huku, tazama pembe na mikwaruzo kama mtu anayetaka kuikataa. Na ukishuku kadi ni feki, usiikunje wala kuichana kama wengine wanavyoshauri. Chukua kioo cha kukuzia, ilinganishe na kadi halali ya seti ileile: nukta za rangi, ukali wa herufi nyeusi, unene, ukingo.

Neno juu ya kubadilishana, kwa kuwa hapo masanduku yote mawili hufunguliwa mbele ya watu. Mgeni, hasa mtoto, akikupa kadi ya thamani kwa kadi isiyo na kitu, mwambie. Mwambie hata kama mabadilishano yatakufa. Nimeona watoto walioacha mchezo siku waliyogundua kwamba kaka mkubwa aliyewatabasamia aliwapunja, na nimeona wengine wakirudi kila wiki kwa sababu mtu aliwaambia ukweli. Tunahitaji watu wa kucheza nao kuliko tunavyohitaji kadi yoyote.

Kanuni yangu ya masanduku imevunjwa na kadi moja. Ni ya kawaida, haing'ai, kingo zake zimekuwa nyeupe kwa kuchangwa bila kifuko katika mwaka wangu wa kwanza, na hakuna mnunuzi atakayeitazama mara mbili. Ndiyo niliyoivuta zamu ya mwisho ya raundi ya mwisho, siku ya kwanza niliyoshinda mashindano. Ipo ukurasa wa kwanza wa albamu, katikati.