Kabla hujasaini mkopo huo, uliza jumla

Mkuu, usisaini. Umeuliza programu gani ya simu inafaa kuandikia matumizi, uanze kulipa deni dogo au lile lenye riba kubwa, na kama akiba ya mara 25 ya matumizi ya mwaka inatosha kustaafu ukiwa na miaka 45. Hayo yote yanaweza kusubiri hata mwezi mzima. Isiyoweza kusubiri ni ile sentensi uliyoichomeka mwishoni kana kwamba ni jambo dogo, kwamba Ijumaa unakwenda kuchukua mkopo mmoja wa miaka mitano ili ufute madeni yako matatu na "kupata nafasi ya kupumua". Nafasi hiyo ya kupumua niliwahi kuinunua, na bei yake ninaijua.

Nilikuwa na madeni matatu kama wewe, na yote yalikuwa yamebakiza miezi 18. Tuchukulie kwamba jumla ya salio ilikuwa 100, ili kila msomaji aweke sarafu yake. Riba ilikuwa 18% kwa mwaka, ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, yaani kwenye kiasi kilichobaki tu, na rejesho la mwezi lilikuwa takriban 6.4. Maana yake ni kwamba ningevumilia tu, bila ujanja wowote, ningelipa kama 115 na kuachana na habari za madeni ndani ya mwaka mmoja na nusu. Hesabu hiyo sikuwahi kuipiga. Nilichokiona ni zile 6.4 zilizokuwa zinaondoka kila mwisho wa mwezi kabla sijaugusa mshahara.

Afisa mikopo aliyenipokea alikuwa mtu mpole mwenye kikokotoo kikubwa, na aliponigeuzia karatasi yake niliona mambo mawili tu: riba 10%, rejesho 2.5. Kutoka 18 hadi 10, na kutoka 6.4 hadi 2.5! Nilitamani kumkumbatia. Hakuniambia, nami sikuuliza, kwamba ile 10% ilitozwa kwenye mkopo wote wa mwanzo kwa kila mwaka wa ile mitano, hata baada ya mimi kuwa nimekwisha kurudisha sehemu kubwa ya mkopo wenyewe. Kumi mara tano ni hamsini, kwa hiyo nilikopa 100 na kuahidi kurudisha 150. Ukiigeuza riba ya namna hiyo iwe ya salio linalopungua, kama nilivyoigeuza mimi wakati maji yamekwisha mwagika, inapata kama 17%. Kisha ada ya kushughulikia mkopo na bima vikakatwa juu kwa juu, nikapokea 96, na kwa fedha niliyoipokea hasa riba ikapita 19%. Niliukimbia mkopo wa 18% nikakimbilia wa 19%, tena nikiwa natabasamu. Na kwa kuwa zile 96 hazikutosha, deni dogo kuliko yote likabakiza kipande, hivyo nilikwenda kuyaunganisha madeni matatu yawe moja nikarudi nyumbani na mawili. Waliofaulu hesabu shuleni naomba waniache kwanza.

Mwezi wa 14 nilipata fedha kidogo za ziada, nikaenda kifua mbele kuuliza ninadaiwa kiasi gani ili nijipange kuufunga mkopo mapema. Nilikuwa nimekwisha kulipa 35. Nikaambiwa salio ni 115. Nilimwomba yule binti wa dirishani arudie, naye akarudia kwa upole uleule wa afisa mikopo (nadhani huwafundisha darasa moja), akanionyesha kifungu kinachosema kwamba riba ya miezi yote 60 imehesabiwa siku ya kwanza na haipunguzwi kwa anayelipa mapema. Chini ya ukurasa huo kulikuwa na saini yangu, na nzuri kweli, maana siku ile nilisaini kwa furaha.

Lakini yule afisa nimemsamehe, kwa sababu alikuwa kazini kwake. Ninayeshindwa kumsamehe ni mwalimu wa masuala ya fedha ambaye nilimlipa ada ya mafunzo ili aniambie kwamba deni moja ni rahisi kulisimamia kuliko matatu, na kwamba ile tofauti ya 3.9 itakayobaki mfukoni kila mwezi niipeleke moja kwa moja kwenye akiba ya kustaafu. Kwa muda wote wa mafunzo yake sikumsikia hata mara moja akitamka neno "jumla". Na hizo 3.9 hazikufika popote. Nilipoanza kuandika matumizi mwezi wa tisa wa mkopo huo, kwenye daftari la kawaida, ukurasa wa kwanza tu ulinionyesha ada mbili za huduma ambazo sikukumbuka hata nilijiunga nazo lini, na kadi yangu ya mkopo, ile ile ambayo deni lake nilikuwa nimelifuta kwa mkopo mpya, ikiwa imeanza tena kubeba deni.

Kwa hiyo chukua karatasi moja uandike mistari miwili. Wa kwanza: rejesho la kila deni ulilonalo sasa mara miezi iliyobaki, kisha ujumlishe. Wa pili: rejesho la mkopo mpya mara miezi yake, na uongeze kila kitakachokatwa kabla hujaushika mkopo. Mstari wa pili ukiwa mkubwa, usisaini; huo ndio ushauri wangu wote. Kama kweli marejesho ya sasa yamekushinda, hilo ni jambo lingine, nenda kazungumze na wanaokudai kabla hujatafuta mwingine wa kukudai.

Hiyo hesabu ya mara 25, yaani kutoa 4% ya akiba mwaka wa kwanza wa kustaafu, inatokana na kazi ya mwaka 1994 ya William Bengen, mshauri wa fedha wa Marekani, aliyetumia kumbukumbu za masoko ya Marekani na ustaafu wa miaka 30, na wewe wa miaka 45 huenda ukahitaji zaidi ya hiyo. Isitoshe, inaanza na namba ya matumizi yako, ambayo kwa maelezo yako mwenyewe bado huna. Kila 1 utakayoipunguza moja kwa moja kwenye matumizi ya mwezi inaondoa 300 kwenye lengo lako, na hakuna mkopo wa miaka mitano utakaokufanyia hivyo.

Ijumaa ukifika, mwombe afisa ratiba ya marejesho iliyochapishwa, uende moja kwa moja kwenye mstari wa chini kabisa. Akikwambia kwamba ratiba hutolewa baada ya kusaini, kama nilivyoambiwa mimi, chukua kitambulisho chako mezani uondoke.