Nembo ya mji kwenye poloshati: ipunguze kwanza

Nembo za miji na kaunti huwa zimebanana: ngao katikati, wanyama ubavuni, utepe wa maneno chini. Kwenye bango la barabarani hazina shida. Ishushe hadi sentimita 8 kifuani, hapo ndipo fundi anapoanza kukuna kichwa.

Chukua utepe wa sentimita 7 wenye herufi 20. Kila herufi inabaki na milimita 3.5, nafasi ikiwemo. Uzi wa kudarizi namba 40 una unene wa karibu milimita 0.4, kwa hivyo matundu ya "a" na "e" yanaziba na maneno yanageuka safu ya siafu. Chini ya milimita 5 za kimo, usidarizi herufi. Darizi ngao peke yake, jina la mji lichapwe mgongoni. Wenye kamati walioagiza watanung'unika, waache.

Rangi nazo zina kanuni ya zamani ya wachora nembo: rangi haikai juu ya rangi, hutenganishwa na njano au nyeupe, yaani dhahabu na fedha. Ngao ya buluu kwenye poloshati ya buluu itamezwa, basi izungushie ukingo mweupe wa milimita 1.5.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye fremu, ile inayoshika kitambaa wakati wa kudarizi. Kitambaa cha poloshati kinanyumbuka; ukikikaza kama ngoma, kikitolewa kinarudi na ngao inakunjamana pembeni. Kilaze tu kinyooke. Nyuma weka tabaka la kushikilia kitambaa, la aina ya kukatwa kwa makasi, si lile la kuraruliwa, ambalo linafaa ovaroli na koti la kazi. Likate libaki milimita 6 kuzunguka nembo, bila kona kali. Kwa jasho la Kisumu, kona hizo zinachoma ngozi.

Kwa jaketi la mitumba la soko la Kibuye, Kisumu, darizi kiraka kando kisha ukishone juu. Kikiharibika, umepoteza kiraka tu.

Kuhusu ruhusa: Sheria ya Serikali za Kaunti ya Kenya ya 2012 inataka sheria ya kaunti yenyewe ieleze matumizi ya nembo yake, kwa hivyo ulizia ofisini kabla ya kuuza. Nembo ya taifa, ile ya simba wawili na jogoo, usiiguse kibiashara bila kibali cha maandishi.

Ukichagua kuchapa kwa filamu, yaani picha inayobandikwa kwa joto badala ya kudarizi, pasi ipite upande wa ndani. Pasi ya makaa ikigusa picha moja kwa moja, ngao inabaki kwenye chuma. Fua sampuli moja mara tatu kabla ya kulipia poloshati 50.